Rangi Haiponyi Kutu: Majibu kwa Wenye Magari Makuukuu

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza rangi: aina gani, lita ngapi, nani anapaka vizuri. Nyingi tumeziweka kando kwa sababu jibu lake ni moja. Gari likioza, tafuta kwanza maji yanaingilia wapi na yanakwama wapi. Ukishayaziba na kuyapa njia ya kutokea, ndipo uzungumze na muuza rangi. Tumechagua barua zinazogusa jambo hilo, pamoja na chache za injini, breki na stakabadhi ambazo kila anayefufua gari atakutana nazo.

Marehemu baba aliniachia Peugeot 504 salooni. Imekaa miaka tisa uani chini ya mjakaranda. Nina Jumamosi tu na saa chache za Jumapili. Kaka yangu anataka tuiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nitajuaje kama inafaa kufufuliwa, na nianzie wapi?
*Msomaji, Umoja*

Usiuze bado, lakini pia usimlipe fundi hata shilingi kabla hujalala chini ya gari hilo na bisibisi mkononi.

Madigadi, milango, boneti na buti zisikutishe hata zikiwa zimeliwa. Zimefungwa kwa bolti na bawaba, na ukiwa na subira utapata za mtumba Kirinyaga Road au Grogan, Nairobi. Kinachoamua ni mifupa. Salooni ya 504 haina chasisi ya kando kama Land Rover. Bodi yenyewe ndiyo chasisi. Kagua boriti za ubavuni zilizo chini ya milango, sehemu za kuwekea jeki, sakafu miguuni mwa dereva na abiria, pale springi za mbele zinaposhika bodi ndani ya boneti, mahali ekseli ya nyuma inaposhika, na kitako cha betri. Asidi ya betri hula bati kimyakimya.

Kabla ya kuingia chini, simamisha gari kwenye stendi imara. Jeki peke yake imeua watu. Eastlands kuna udongo mweusi unaolainika mvua ikinyesha, na stendi huzama polepole bila wewe kuona. Weka ubao mpana wenye unene wa sentimita tano chini ya kila stendi, kisha lisukume gari kwa nguvu. Likitikisika, usiingie.

Sasa gonga kwa nyundo ndogo. Bati zima hulia kwa sauti kali. Lililooza hutoa mlio mfu. Palipo na mlio mfu, sukuma bisibisi butu kwa nguvu ya mkono. Ikipenya, pametoboka hata kama rangi bado inang'aa. Pitisha sumaku pia: isiposhika, kuna filla (plasta ya kujazia mashimo) nene, na filla nene kwenye boriti ya ubavuni maana yake kuna mtu aliyeficha shimo. Mwisho, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake manne, fungua na ufunge kila mlango. Mlango ukishuka ukifunguliwa, angalia bawaba kwanza. Bawaba zikiwa nzima, boriti imelegea.

Mjakaranda huo ndio mshukiwa mkuu. Majani yake madogo na maua huingia kwenye vitundu vya hewa chini ya kioo cha mbele na kuziba njia ya maji. Maji hupanda, huingia ndani na kutua chini ya zulia, na sakafu huoza kuanzia juu huku chini ikionekana safi. Ng'oa zulia lote. Ukikuta mashimo ya sakafu na madigadi peke yake, gari hilo lina maisha. Zikiwa zimeliwa boriti zote mbili pamoja na vishikio vya springi za mbele, hiyo ni kazi ya karakana yenye vifaa vya kunyoosha bodi, na gharama yake huenda ikapita bei ya 504 nyingine iliyo nzima zaidi. Hapo kaka yako atakuwa na hoja.

Ukiamua kuendelea, Jumamosi ya kwanza usifungue hata bolti moja. Liondoe chini ya mti, zibua vitundu vya maji vyote (chini ya kila mlango, chini ya kioo, ndani ya buti), na ulijengee kivuli cha turubai lisiloligusa. Turubai lililolala juu ya bodi hufungia unyevu na huharibu kuliko mvua yenyewe.

Baada ya hapo fuata mpangilio huu: bati la mifupa, kisha mitambo na breki, kisha bodi na rangi, na viti mwisho kabisa. Anayeanza na viti atavichoma kwa cheche. Fungua sehemu moja kwa wakati, na usikwangue zaidi ya kile utakachoweza kupaka praima, yaani rangi ya chini, siku hiyo hiyo. Bati tupu likilala usiku mmoja wa mwezi wa Aprili, asubuhi lina rangi ya chungwa. Piga picha kabla ya kufungua chochote. Bolti ndogo zipange kwenye trei za mayai kwa mpangilio ulizotoka, kubwa kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia ya Kasuku iliyoandikwa kwa rangi. Bolti zote zikirundikwa kwenye ndoo moja, miezi sita baadaye hakuna atakayejua ipi ya wapi.

Corolla KE70 yangu ina mashimo mawili sakafuni upande wa dereva. Moja linapitisha ngumi. Fundi wa mtaani anasema atakata bati la paa, alipige ribiti, kisha afunike kwa filla na lami. Bei yake ni nzuri. Nimkubalie? Na nikitaka kuchomelea mwenyewe nyumbani, nahitaji nini?
*Msomaji, Kahawa West*

Usimkubalie. Bati la paa ni jembamba mno. Sakafu ya gari ina unene wa karibu milimita moja. Bati la nyumba ni kama theluthi ya hapo. Pili, limepakwa zinki, na zinki ikichomelewa hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka usiku. Ribiti nazo hazibebi mzigo, na kati ya mabati mawili huacha mwanya ambamo maji hukaa. Lami ya juu itakuzuia tu usiione kutu ikiendelea.

Nunua bati jeusi lisilo na zinki. Geji 20, takriban milimita 0.9, inatosha sakafu na madigadi. Boriti za ubavuni zinataka geji 18, yaani milimita 1.2. Utalipata kwa wauza vyuma wa Gikomba au Industrial Area, na wengi watakukatia kipande badala ya kukuuzia bati zima.

Kata kutu yote hadi ufike kwenye bati linalong'aa na lenye unene kamili, kisha uongeze sentimita mbili. Hapa ndipo wengi hubania. Kuchomelea kwenye bati lililoliwa nusu kutatoboa shimo kubwa kuliko ulilokuwa nalo. Pima kwa kadibodi kwanza, kata kadibodi hadi ikae barabara, halafu uihamishie kwenye bati. Pembe za kiraka zizungushe, kwa maana pembe kali ndipo ufa huanzia.

Kiraka kikikaa sambamba na bati la zamani, ukingo kwa ukingo, ni bora. Mkono wako ukiwa bado haujazoea, pandanisha milimita 10 hadi 15, upake praima ya zinki inayoruhusu kuchomelea kati ya mabati hayo mawili, kisha uzibe viungio juu na chini kwa siila ya bodi.

Kwa mashine, mig (ile inayojilisha waya yenyewe) yenye waya wa milimita 0.6 ndiyo rafiki wa bati jembamba. Gesi ya oksijeni na asetilini, ambayo mafundi wengi wa jua kali wanaimudu vyema, hufanya kazi lakini hupasha joto eneo kubwa na bati hujikunja. Mashine ya rodi yenye rodi ya milimita 2.5 itakutobolea bati hili kila mara. Iache kwa mageti. Usivute mstari mrefu. Piga nukta, ruka sentimita tano, piga nyingine, rudi upande wa pili, kisha jaza mapengo bati likishapoa. Lipoe lenyewe, ukilimwagia maji litajikunja.

Kama shimo lako limefika kwenye boriti ya ubavuni, usiikate kabla ya kuchomelea chuma cha pembe kukatiza nafasi ya mlango. Bila hicho bodi hulegea katikati, na mlango hautafunga tena.

Usalama nao usiuchukulie kwa mzaha. Ondoa waya zote mbili za betri. Shusha tanki la mafuta pamoja na bomba zake na uviweke mbali. Tanki tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa mvuke ndio unaolipuka. Toa viti, zulia na yale mazulia ya lami yaliyogandishwa sakafuni. Mtu mwingine asimame upande wa pili na ndoo ya mchanga. Ukimaliza, usiondoke kwa saa nzima, maana moto wa ndani ya uvungu huanza taratibu.

Mimi na mume wangu tunafufua Volkswagen Beetle. Yeye yuko kwenye bodi, mimi nimepewa vitu vidogo: bawaba, bolti, mabano, vifuniko vya magurudumu. Grainda siwezi kuitumia kwa sababu mtoto analala mchana. Kuna njia ya kimya ya kutoa kutu?
*Mama mtoto, Ongata Rongai*

Ipo, tena kwa vitu vidogo ni bora kuliko grainda, ambayo hula chuma kizima pamoja na kutu.

Ya kwanza ni molasi, ile wanayolishwa ng'ombe. Maduka ya mifugo wanayo. Changanya sehemu moja ya molasi na sehemu tisa za maji kwenye ndoo ya plastiki, zamisha vipande vyote, funika, na uweke mbali na dirisha kwa sababu kitanuka. Vipande vyenye kutu nyepesi huwa tayari baada ya wiki moja. Vizito huchukua hadi tatu. Vitoe, visugue kwa brashi chini ya maji, vikaushe juani mara moja na uvipake mafuta au praima. Usitie alumini wala kitu chenye zinki humo, vitaliwa.

Siki ya kawaida ya jikoni ni ya haraka zaidi: saa 12 hadi 24. Lakini hiyo ni asidi na haijui kusimama, kwa hiyo kagua kila baada ya saa kadhaa. Ukitoa kipande, kitie kwenye maji yenye kijiko cha baking soda kwa kila lita ili kuua asidi iliyobaki kwenye nyufa. Usipofanya hivyo, kutu nyekundu itarudi kabla hujala chakula cha jioni.

Njia ya tatu ni ya umeme, na ndiyo tunayoipenda kwa bawaba na mabano yenye kona nyingi. Ndoo ya plastiki, maji, kijiko kimoja cha mezani cha soda ash (sodiamu kaboneti) kwa kila lita nne, na chaja ya betri ya volti 12. Waya hasi uende kwenye kipande chako, waya chanya kwenye chuma kikuukuu usichokihitaji, na viwili hivyo visigusane. Magadi ya sokoni hufanana na soda hiyo, ila yana chumvi ya kawaida ndani yake, na chumvi huialika kutu upya. Afadhali soda iliyosafishwa. Fanya nje, maana mapovu yale ni haidrojeni na hulipuka. Zima chaja kabla ya kugusa waya, na ndoo ikae pasipofikika na mtoto. Kamwe usitumie kijiko au sufuria isiyoshika kutu kwa upande chanya, kwani hutoa sumu ya kromiamu majini.

Vifuniko vya magurudumu vikiwa na kromi, usivitie kwenye lolote kati ya hayo. Kunja karatasi ya alumini ya jikoni, ilowe maji, na usugue taratibu. Vidoa vya kutu vitatoka. Pale kromi ilipobanduka, hakuna dawa ya nyumbani.

Fundi wangu hupuliza oili chafu chini ya gari kila mwaka kuzuia kutu. Ni sawa?
*Msomaji, Kawangware*

Oili huzuia kutu kwa muda, ndiyo. Lakini pia hulainisha na kuvimbisha bushi za mpira, hunata vumbi hadi likaziba vitundu vya maji, hudondoka kwenye breki, na siku ukitaka kuchomelea huko chini itawaka. Isitoshe, oili ya injini iliyotumika ina kemikali zinazodhuru ngozi, na inaishia mtaroni. Nta maalumu ya kupuliza ndani ya boriti na milango hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Ipulize baada ya kuchomelea na kupaka rangi, si kabla, kisha pitisha waya kwenye vitundu vya maji kuhakikisha nta haikuviziba.

Nimenunua pick-up ya Datsun 1200. Injini haizunguki kabisa. Muuzaji alisema "imelala tu". Nikipiga stata inalia "ka!" na kunyamaza. Nilijaribu kutoa bolti za ekzosi, mbili zikakatika.
*Msomaji, South B*

Acha stata. Ukiendelea kuilazimisha utachoma stata au utavunja ringi za pistoni zilizoshikwa na kutu. Hakikisha kwanza kwamba ni injini na si kitu kingine: legeza mkanda wa feni, weka gia huru, ujaribu tena kwa mkono. Wakati mwingine kilichoshika ni jenereta au pampu ya maji.

Kama ni injini, toa plagi zote nne. Changanya nusu dizeli na nusu mafuta ya gia ya otomatiki, na umimine kiasi cha vijiko viwili vya mezani katika kila silinda. Iache siku tatu hadi wiki nzima, ukiongeza kidogo kila jioni. Kisha weka soketi kwenye nati ya mbele ya kranki na uvute kwa mpini mrefu, mbele kidogo, nyuma kidogo. Usitafute mzunguko mzima; ikisogea sentimita moja, umeshinda. Endelea kuichezesha hivyo siku kwa siku. Isiposogea baada ya wiki mbili, fungua hedi na uangalie, kwa kuwa huenda maji yaliingia kupitia gasketi na kutu imeuma ukuta wa silinda, na hapo silinda lazima zichongwe.

Ikishaachia, usiwashe. Mwaga oili, badilisha filta, weka oili mpya, kisha zungusha kwa stata bila plagi hadi taa ya oili izimike. Funika matundu ya plagi kwa kitambaa, maana mchanganyiko ule utaruka. Mafuta ya zamani yaliyo tankini usiyatumie. Petroli iliyokaa miaka huwa gundi. Kausha tanki, na uweke filta ya plastiki inayoonyesha ndani ili uone kutu ikishuka.

Kuhusu bolti zilizokatika: kabla ya kulegeza bolti yenye kutu, kaza kwanza, kidogo sana, hadi usikie inalia. Hapo kutu imevunjika. Kisha legeza robo, kaza tena, weka mafuta ya kupenya, legeza nusu. Isipotii, pasha joto nati na si bolti. Kwa hizo mbili zilizobaki kwenye hedi, kumbuka hedi ya injini hiyo ni alumini. Fundi mwenye mig achomelee nati juu ya kisiki cha bolti. Joto litakilegeza na nati itakupa pa kushikia. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, ila usitoboe kwa drili ya mkono bila kuweka alama katikati, utaharibu uzi.

Nilipaka gari rangi ya NC mwezi wa Aprili, hapo nyumbani. Siku ile ile ikawa na ukungu mweupe. Baada ya miezi miwili ikatoa malengelenge milangoni. Duka linasema kosa si la rangi. Ni la nani?
*Msomaji, Pipeline*

Ni la Aprili, na la filla.

Rangi ya NC (nitroselulosi) hukauka kwa thina kuruka hewani, na thina ikiruka hupoza bati. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, kama ilivyo Nairobi wakati wa masika kuanzia Machi hadi Mei, mvuke hugeuka matone madogo juu ya rangi mbichi. Huo ndio ukungu wako. Siku kavu ungeweza kuurekebisha kwa kupuliza koti jepesi la thina inayokauka polepole, au kusugua kwa kompaundi rangi ikiwa imekauka.

Malengelenge ni habari nyingine. Filla hunyonya maji. Ukiisugua kwa msasa wa maji kisha ukapaka kabla haijakauka kabisa, maji yanabaki chini. Praima nyekundu ya oksaidi nayo hunyonya. Gari lililoachwa na praima hiyo nje kwa wiki mbili za mvua tayari lina kutu chini yake ingawa halionyeshi. Hapo hakuna kiraka. Kwangua hadi bati.

Ukirudia, anza kwa praima ya epoksi juu ya bati safi, kwa kuwa hiyo huziba maji. Filla iwekwe juu ya epoksi iliyosuguliwa kwa msasa wa 80 au 120, isizidi milimita tatu, na isuguliwe kavu. Hadina, ile dawa ya kugandisha filla, iwe takriban asilimia mbili kwa uzito: gramu 20 kwa kilo. Wengi huongeza ili ikauke haraka, na hadina ya ziada hutoboa rangi baadaye na kuacha madoa ya njano. Kisha praima ya kujazia, msasa wa 320, halafu wa 600 kwa maji, na ukaushe siku nzima. Kompresa iwe na chujio la maji, shinikizo kwenye bunduki liwe kati ya bar 2 na 2.5, na makoti matatu au manne yapishane kwa dakika 10 hadi 15. Puliza kuanzia saa nne asubuhi, umande ukishakwisha, hadi saa tisa. Januari na Februari ndiyo miezi yako. Julai ni kavu lakini baridi, na rangi hutiririka.

Kuna wanaoshauri uhamie rangi ya 2K, ile inayochanganywa na hadina, kwa sababu haiharibiki hivyo. Kweli, ni ngumu zaidi. Lakini hadina yake ina isosaianeti, sumu inayoharibu mapafu, na barakoa ya kawaida haiizuii. Ploti yenye majirani ukuta kwa ukuta si mahali pake. Lipeleke gari kwa mwenye chumba cha kupulizia.

Wanangu, nimeleta gari langu la kabureta kutoka Mombasa baada ya kulitengeneza vizuri. Huko lilikuwa halina shida. Hapa linatoa moshi mweusi, linakunywa petroli na linachemka. Fundi amelitoa thamostati lakini bado.
*Mzee, Buruburu*

Mzee wetu, gari lako halijaharibika, limepanda mlima. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na hewa hapa ina karibu asilimia 15 pungufu ya uzito ilio nao Mombasa. Kabureta bado inamwaga petroli ya pwani. Mwombe fundi aweke jeti kuu (kitundu kinachopima petroli) ndogo kwa hatua moja au mbili, kisha arekebishe skrubu ya mchanganyiko injini ikiwa moto. Plagi zikitoka na rangi ya kahawia hafifu, ameipata. Akipima nguvu ya silinda asishtuke namba zikiwa chini kuliko za kitabu. Tofauti kati ya silinda na silinda ndiyo ya kutazama, na isizidi asilimia 15.

Kuhusu kuchemka: hapa maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi badala ya 100. Mfuniko wa rejeta wenye springi nzima huongeza shinikizo na kupandisha kiwango hicho kupita 110, kwa hiyo mfuniko uliochoka, ambao Mombasa haukuonyesha dosari, hapa unakuaibisha. Badilisha mfuniko kwanza. Thamostati irudishwe. Kuitoa kunaifanya injini iendeshwe baridi na kula petroli zaidi, na hakutibu rejeta iliyoziba kutu. Mwaga maji yote, suuza hadi yatoke meupe, na uweke kulanti, theluthi moja hadi nusu. Hatuna barafu hapa, lakini ndani ya kulanti kuna dawa ya kuzuia kutu, na kutu ya ndani ya injini ndiyo iliyoziba rejeta.

Jambo moja la zaidi kwa kuwa gari ni la zamani. Petroli yenye risasi iliondolewa sokoni kufikia mwanzo wa 2006, na risasi hiyo ndiyo iliyokuwa ikikinga vikalio vya vali. Hedi ikifunguliwa, muulize fundi kama vikalio ni vya chuma kigumu.

Nataka kubadilisha rangi ya gari kutoka nyeupe hadi buluu, na injini ni ya gari jingine. Kuna shida?
*Msomaji, Lang'ata*

Hakuna, ukiijulisha NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Rangi na nambari ya injini zimo kwenye logibuku, na zote mbili zibadilishwe kupitia akaunti yako ya huduma za NTSA. Weka risiti ya kununulia injini. Ile nambari ya chasisi iliyogongwa kwenye bodi usiisugue kwa grainda wala kuipaka filla. Izungushie tepu kabla fundi hajaanza. Na yule wa Umoja aliyerithi 504 naye asikie: gari la marehemu halihamishiki kwa sahihi ya ndugu, linahitaji hati ya mirathi kutoka mahakamani. Anza hilo mapema kuliko kuchomelea.

Bodi nimemaliza, injini inawaka vizuri. Gari lilisimama miaka mitano. Breki nikikanyaga ni ngumu na zinashika. Naweza kuingia Thika Road?
*Msomaji, Kasarani*

Hapana. Breki iliyosimama miaka mitano inaweza kushika mara kumi na kupasuka ya kumi na moja.

Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani. DOT 4 mpya huchemka kwenye nyuzi 230 au zaidi. Ikijaa maji hushuka karibu na 155, na maji hayo hayo huozesha silinda za magurudumu kutoka ndani. Fungua magurudumu yote. Vumbi la viatu vya breki vya zamani huenda lina asbesto, kwa hiyo usilipulize. Lilowanishe kwa maji na ulifute kwa kitambaa cha kutupa. Vuta mpira wa kila silinda. Ukiona unyevu au kutu ndani, badilisha silinda nzima. Kubadilisha mpira peke yake juu ya ukuta ulioliwa ni kazi itakayodumu wiki mbili tu.

Bomba za chuma zikunwe kwa kucha kwa urefu wake wote, hasa zinapopita juu ya ekseli na chini ya vishikio. Zikibanduka magamba, tengeneza mpya za kopa na nikeli za inchi 3/16, zikunjwe mdomo mara mbili kwa kifaa chake. Bomba za mpira badilisha bila kuuliza. Huvimba ndani zikazuia mafuta kurudi, na gurudumu hubaki limeshikwa.

Jaza mafuta mapya ya aina iliyoandikwa kwenye mfuniko, kamwe si oili ya injini wala ATF (mafuta ya gia ya otomatiki), maana huvimbisha mipira yote ya mfumo. Usiyamwagie rangi yako mpya, yataibabua. Toa hewa kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta, yaani silinda kuu ya breki. Kwa magari yetu mengi ya usukani wa kulia hilo ni la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia.

Soma pia tairi: ubavuni kuna namba nne zinazoonyesha wiki na mwaka, kama 2314, yaani wiki ya 23 ya 2014. Likipita miaka kumi litupe hata kama meno yamejaa.

Jaribu kwanza uani, kisha barabara ya ndani ya mtaa kwa kasi ya kilomita 20. Endesha dakika kumi, simama, na usogeze kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Moja likiwa moto kuliko mengine, breki yake haiachii. Fungua tena hilo. Kisha egesha juu ya kadibodi safi usiku mzima, na asubuhi ukague chini ya kila gurudumu na chini ya masta kabla ya kuwasha.